Pancras, Mbwa Wake na Mkwe wa Nyumba ya Nne

Pancras hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuwahi kuwa mwenyekiti, hakuwa mganga, hakuiba ng'ombe wa mtu. Alikuwa mwindaji wa nguruwe pori mwenye mke mmoja na mbwa mmoja, akawapoteza wote wawili siku moja, na katika kuwapoteza huko mkono wangu umo. Namwandika kwa sababu wachache waliobaki wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa kicheko, na kicheko hicho nilikianzisha mimi, Deodata, mama Idefonsi, niliyekaa nyumba inayotazamana na yake.

Kabla ya mwaka sabini na nne tulikaa vilimani, kila mtu na migomba yake, na ukitaka kumwona jirani unavuka bonde. Kisha ikaja Operesheni ya kutuhamishia vijijini. Walikuja vijana wa serikali na kamba ndefu na vigingi, wakapima barabara moja iliyonyooka kwenye tambarare ya majani makali, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mugoma, wakasema kila mtu ajenge hapo na mlango wake uangalie barabara. Hakuna aliyeulizwa anataka kukaa na nani. Mwenye kamba alisoma majina jinsi yalivyojipanga kwenye karatasi yake, na jina la Bonifasia, mjane, mama mkwe wa Pancras, likaangukia kiwanja cha nne kutoka kwa mkwewe.

Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa balaa hilo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawashikani mkono, hawali mahali pamoja. Wakikaribiana njiani, mwanamume anatoka njiani, anaingia majanini, anageuka na kutoa mgongo mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima, na kule vilimani heshima hiyo ilikuwa nyepesi kwa kuwa mlikaribiana mara mbili kwa mwaka. Kijijini Pancras alimkuta mkwewe akienda kisimani, akitoka kisimani, akienda shamba la bega kwa bega, lile tulilolima pamoja kijiji kizima, akirudi. Mara sita kwa siku mtu mzima anaruka mtaro, anasimama kwenye mihogo na kutazama upande wa Burundi. Alipokwenda kumweleza mwenye kamba, yule kijana alimwambia hayo ni mambo ya kizamani, akakunja karatasi yake.

Mbwa wake aliitwa Sigara. Alikuwa mweupe, mwembamba, na ncha ya mkia wa kahawia, utadhani umeunguzwa. Mbwa wetu wa kuwinda si wapiga kelele, ndiyo maana huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue wamefika wapi. Kengele ya Sigara ndiyo iliyotulindia mahindi ya kijiji. Serikali ya kijiji ilimtoa Pancras kwenye kulima, kazi yake ikawa kuzunguka shamba na mbwa kufukuza nyani na nguruwe pori. Tulikula kwa sababu ya mbwa yule. Nalisema hilo mapema mjue tulikuwa watu wa namna gani.

Kasoro yake ilikuwa moja. Akifurahi, anapanda. Huukumbatia mguu wa mtu kwa miguu yake ya mbele na kuanza kazi, ulimi nje, macho yakitazama mbali, wala habari hana. Mgeni akija, mguu wa mgeni. Akicheza na mbwa wenzake, jike kwa dume, hakuchagua. Alipanda magunia ya mihogo. Siku moja alimpanda katekista aliyekuwa amepiga magoti katikati ya sala, na katekista, asitake kukatisha Baba Yetu, akaisali yote kwa sauti inayotikisika. Vilimani mambo hayo yaliishia migombani bila shahidi. Barabarani nyumba arobaini zilikuwa zinatazama.

Sasa Pancras na mkewe Rozalia walikuwa na miaka minane bila mtoto. Sisi wengine wote tulikuwa mama fulani. Yeye aliitwa Rozalia tu, hata na wasichana wadogo. Lakini Pancras hakuwahi kumwinulia mkono. Jioni walikaa mlangoni wakipukuchua maharage, wakiongea chinichini, na mara kwa mara namsikia Rozalia akicheka. Mimi nilikuwa na watoto sita na mume, Theonest, aliyenipiga kila Jumapili akirudi kilabuni, na ngumi zake zilisikika ng'ambo ya barabara. Kesho yake Rozalia aliniletea maji ya moto bila kuuliza kitu. Nilimchukia kwa maji yale. Nilimwonea wivu.

Ikafika asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka sabini na nane. Tulikuwa kundi zima tukielekea shambani na majembe. Bonifasia alikuwa anatoka kisimani na mtungi kichwani. Pancras alipomwona aliruka mtaro kama kawaida yake, akaingia kwenye mihogo, akatoa mgongo. Sigara alikuwa akikimbizana na mbwa mwingine na damu ilikuwa imemchemka. Akaja mbio, akaukamata mguu wa Bonifasia, akaanza.

Mama wa watu hakuweza kuinama kwa sababu ya mtungi. Hakuweza hata kupiga teke. Alisimama pale katikati ya barabara, shingo imenyooka, akipiga kelele. “Mwondoeni! Mwondoeni mnyama huyu!”

Pancras alipiga mluzi. Aliita. Mbwa hakusikia la mtu. Na Pancras hakuweza kugeuka wala kusogea, maana kumfikia mbwa ilikuwa kuushika mguu wa mkwewe, na hilo kwetu afadhali kufa.

“Jamani nisaidieni,” alisema huku akitazama Burundi. “Mshikeni, nawaomba. Mimi siwezi kufika hapo.”

Nilikuwa karibu kuliko wote. Hatua tatu. Kengele ya mti ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, na watu wameanza kuziba midomo. Badala ya kumshika mbwa nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mihogo, “Mwacheni jamani. Katika nyumba ile angalau mmoja anajaribu.”

Watu walikaa chini kwa kucheka. Wanaume waliangusha majembe. Mtungi wa Bonifasia ulianguka ukapasuka, naye akamsukuma mbwa kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyumbani amelowa. Pancras hakugeuka. Niliiona shingo yake tu, na masikio, na jasho lililomtoka asubuhi ya baridi. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Maneno yangu yalifika Mabawe kabla ya jua kutua. Kilabuni walimpa Sigara jina jipya, Bwana. Walimwuliza Rozalia kisimani, “Bwana hajambo?” Walimwuliza Pancras kama mwalimu wake ameshamwonyesha somo la kwanza. Alikunywa pombe yake ya ndizi, akaweka kibuyu chini na kwenda zake. Baadaye hakuja tena kilabuni.

Bonifasia alipeleka shauri kwa Audax, balozi wetu wa nyumba kumi. Kwa kuwa Pancras naye aliitwa, Bonifasia alikaa ndani na kuzungumza nyuma ya ukuta, sisi wengine tukajaa uani.

“Nimevuliwa nguo barabarani na mnyama wa mtu nisiyemtaja,” ilisema sauti yake. “Miaka minane nimengoja mjukuu. Nilichopata ni hiki. Namtaka binti yangu nyumbani.”

Audax alikuwa mtu wa kupenda amani kwa kuwa amani haina kazi. Akaamua hivi: Pancras apewe mpaka juma la pili la mwezi wa kumi kumtia mbwa adabu. Mbwa akimrudia mama huyu hata mara moja, mbwa atauawa na Rozalia atarudi kwa mama yake. Pancras akasema amesikia. Rozalia alikuwa amesimama kando akitazama vidole vya miguu yake.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mhasi. Mpake pilipili. Mfunge kwenye gogo, na hilo Pancras alilijaribu kwa siku mbili, nyani wakala mistari minne ya mahindi, Audax mwenyewe akaja kumfungua. Kisha akapita bwana mifugo kutoka Biharamulo, kijana mmoja anaitwa Saidi, aliyekuja kuchanja ng'ombe. Pancras alimfuata mbele ya watu, akamweleza yote bila kuficha. Tulisubiri Saidi acheke. Hakucheka.

“Huyu hana tamaa, mzee wangu,” alisema akimpapasa Sigara masikio. “Ana furaha iliyomzidi, hajui aiweke wapi. Wapo wanaofanya hivyo hata kwa woga. Usimpige, ukimpiga anachangamka zaidi. Mchoshe kwanza kabla hujampitisha kwa watu. Na ukiona anaanza kumzunguka mtu, mwite palepale kabla hajapanda. Akishapanda umechelewa. Mpe kitu cha kushika mdomoni, umfundishe kukaa.”

“Basi ni hivyo tu?”

“Ni hivyo tu. Lakini kila siku, mzee. Usiruke hata siku moja.”

Hakuruka hata siku moja. Alfajiri, kabla hatujawasha moto, tuliisikia kengele ikishuka mtoni na kupanda tena, mara tatu, mara nne, mpaka mtu na mbwa wote ndimi nje. Alimfundisha kushika gunzi la mahindi mdomoni. Alimwambia “Kaa!” na mbwa akikaa anampa kipande cha muhogo wa kuchoma. Rozalia ndiye aliyekuwa mgeni: anakuja kutoka mbali, mbwa anainuka, Pancras anaita, mbwa anakaa. Wakarudia hivyo juma baada ya juma, watu wazima wawili, nyuma ya nyumba, wakidhani hatuwaoni.

Na akajifunza. Kufika mwezi wa nane ilikuwa hivi: Bonifasia anatokea na mtungi mpya, Pancras anaruka mtaro na kutoa mgongo, anasema “Kaa!” bila kutazama, na Sigara anakaa kando ya barabara na gunzi lake mdomoni, anatetemeka mwili mzima kwa hamu, lakini amekaa. Mama anapita. Siku moja nilimsikia Bonifasia akimwambia binti yake, “Mbwa wenu amepata adabu kuliko watu wa hapa.” Rozalia aliingia ndani mbio, na muda si mrefu nikamsikia Pancras akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa nguvu hivyo.

Sitasema shetani alinipitia. Hakupita shetani. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, zimebaki siku mbili muda wa Audax uishe, na Theonest alikuwa amenianza mapema, Ijumaa. Jicho langu moja lilikuwa limeziba. Nilitoka nje nikamwona Sigara amekaa barabarani na gunzi, Pancras kwenye mihogo amegeuka, na Bonifasia anakuja. Rozalia alikuwa mlangoni kwake akifunga kitenge, akiimba. Alikuwa amenenepa usoni. Nilifikiri, mwanamke huyu anapata wapi cha kuimba?

Nikalichomoa gunzi mdomoni mwa mbwa. Nikalitikisa mbele ya pua yake, nikazunguka naye, nikapiga makofi, kisha nikalirusha miguuni mwa Bonifasia. Sigara aliruka. Alisahau kila kitu, gunzi, mtoni, muhogo wa kuchoma. Nikaisikia kengele, ko, ko, ko.

“Kaa!” Pancras alipiga kelele kule kwenye mihogo. “Sigara, kaa! Kaa!”

Hakuona ni nani aliyelitoa gunzi. Rozalia alikuwa ameinamia kitenge chake. Bonifasia aliniona vizuri sana, tulitazamana, lakini hakusema. Alikuwa amepata alichokitaka tangu mwanzo.

Mchana ule tulijaa uani kwa Audax. Pancras alikuja na rungu lake la kuwindia. Hakungoja kuulizwa.

“Mbwa nitamuua mwenyewe,” alisema. “Sasa hivi, mbele yenu. Lakini mke wangu niachieni. Nawaomba mniachie mke.”

“Anza na mbwa,” alisema Audax. “Mengine tutaona.”

Akaita. Sigara alikuja akichezesha mkia, akawazunguka watu, akanusa mguu wangu. Pancras akasema, “Kaa.” Mbwa akakaa, akafungua mdomo akingoja muhogo. Pancras alikuwa ameua nguruwe pori wengi kwa pigo moja, lakini safari hii rungu liliangukia bega. Mbwa alilia akajikokota mpaka miguuni pake, si mbali naye, miguuni pake. Ikabidi aseme tena, “Kaa.” Na yule mnyama, mfupa umevunjika, alijaribu kukaa. Pigo la pili lilimaliza. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, “Bwana amefariki,” na wako waliocheka.

Sauti ya Bonifasia ikatoka ndani. “Miaka minane inatosha. Rozalia, chukua vitu vyako.”

Audax alitazama pembeni, akasema shauri ndivyo lilivyokatwa. Pancras alibaki ameshika rungu lenye damu. Rozalia alipita mbele yake na kifurushi kidogo, akasimama kidogo kana kwamba anataka kusema neno, kaka zake wakamshika mkono wakaenda naye. Alikuwa na neno kweli. Mimba yake ilikuwa na miezi miwili na nusu. Mbili za kabla zilitoka mapema, ndiyo maana safari hii hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe. Alikuwa amepanga kumwambia miezi mitatu ikitimia.

Kabla mwezi ule haujaisha vita ikaingia Kagera. Audax aliagizwa atoe majina mawili ya mgambo. Tulikaa uani palepale tukihesabu wenye watoto wengi, wenye wake wajawazito, wenye mama wagonjwa.

“Pancras hana mke, hana mtoto, hana hata mbwa,” alisema Audax. “Akifa hatasumbua mtu.”

Tukakubali wote. Pancras naye alikubali. Alipanda lori la pamba bila kuaga, na nyumba yake ikabaki wazi mpaka mbuzi wakaanza kulala ndani. Msimu ule nguruwe pori walikula shamba la bega kwa bega mpaka mizizi. Nasi tukala majani.

Tumbo la Rozalia lilipoonekana kila mtu alihesabu miezi kwa vidole, na kila mtu alipata hesabu ileile. Bonifasia aliacha kutoka nje. Rozalia alikuja kwangu, maana mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, akaniomba nimwandikie mumewe barua. Niliiandika vizuri, kwa mwandiko wa kulala. Kikosi hatukukijua. Kwenye bahasha niliandika Pancras, Mgambo, Uganda, tukampa dereva wa lori. Mtoto alizaliwa mwezi wa nne, wa kike, mwenye paji la uso la baba yake lisilo na ubishi.

Pancras alirudi mwezi wa kumi na mbili mwaka sabini na tisa, kwa lori la jeshi lililokuwa linapeleka watu Biharamulo. Alikuwa na koti la kijani, ndevu, na mkono wa kushoto usiokunjuka. Alishuka kutazama nyumba yake, akakuta mbuzi. Sote tulitoka. Tulikuwa tumengoja siku hiyo kwa miezi minane, kila mtu akitaka awe wa kwanza kumwambia. Rozalia alikuwa Mabawe kumzika shangazi yake, mtoto alimwachia mama yake kwa sababu ya homa.

Ndipo Bonifasia akatoka na mtoto mikononi, akaja moja kwa moja barabarani. Pancras alimwona, akaruka mtaro, akaingia kwenye mihogo, akatoa mgongo. Vita yote ile, na bado alikumbuka heshima. Lakini mama yule hakupita. Aliingia kwenye mihogo, akamzunguka, akasimama mbele yake uso kwa uso, akamwinulia mtoto.

“Mtazame,” alisema. “Ni mwanao.”

Hatukuwahi kuona mama mkwe akimfanyia mtu hivyo. Pancras alifunika macho kwa mkono mzima. Aliposhusha mkono hakumtazama mtoto. Alitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, polepole, akitafuta ni nani ataanza.

“Ni wako, Pancras,” nilisema. “Alizaliwa mwezi wa nne. Hesabu mwenyewe.”

“Mama Idefonsi,” alisema. “Ni wewe unayeniambia?”

Nilitaka kumjibu. Naapa nilitaka kumwambia habari ya gunzi, na ya barua, na yote. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na yeye ananitazama, nikaogopa, na kilichonitoka kilikuwa kicheko. Kidogo tu. Mtu mwingine naye akacheka kwa kunisikia mimi, kisha wa tatu.

Pancras alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa anakijua, kwamba huu nao ni mzaha wetu. Akampita mkwewe bila kugeuza uso, akaruka mtaro, akapanda lori. Mtoto alianza kulia, Bonifasia akabaki kwenye mihogo akiita jina la mkwewe kwa sauti, jina ambalo hakuwahi kulitaja maisha yake yote. Lori lilishaondoka. Hatukumwona tena.

Rozalia alirudi kesho yake asubuhi. Alinikuta barabarani nikifagia, akaniuliza kama ni kweli mumewe amefika. Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza alisema nini alipomwona mtoto.